Siku Mama Alexis Alipopalilia Ridgemoor

Mama Alexis aliamka siku hiyo roho ikiwa juu, na roho yake ikiwa juu mikono haikai. Kabla jua halijatoka alikuwa ameshafagia chumba mara mbili, ameosha sufuria iliyokuwa safi tangu jana, na amepiga pasi shati la mwanawe mpaka mwenyewe akatoa kichwa upande wa pili wa pazia kuliombea huruma.

"Mama, utalitoboa hilo shati."

"Nyamaza, vaa suruali. Unataka bakubwa bakuone na mikunjo?"

Chumba kilikuwa hicho hicho kimoja, nyuma ya duka la matairi, hatua chache kutoka Jules Street pale Malvern, Johannesburg. Upande huu wa pazia alilala mama, upande ule akalala mwana mwenye miaka thelathini na mmoja, mwanamume mzima mwenye ndevu, ambaye kila akigeuka kitandani mama yake husikia. Uani kulikuwa na bomba moja kwa familia nne, choo kimoja, na foleni kila asubuhi. Mama Alexis hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa mtu wa kulaani, kwa sauti ya chini, ndoo mkononi, na foleni ile alikuwa ameilaani kwa miaka mitano bila kupumzika hata Jumapili.

Jumamosi hiyo ndiyo ingeweza kuyamaliza yote. Alexis alikuwa mtunza bustani pale Ridgemoor, jumba la kale la tajiri mmoja wa migodi ya dhahabu, lililojengwa kwa mawe juu ya kilima upande wa Observatory. Tajiri alikufa zamani, wajukuu wakatawanyika, na sasa jumba na bustani zake vinasimamiwa na kamati, watu wanalipa kiingilio ili wakashangae. Mkuu wa bustani alikuwa amestaafu. Kamati ilikuwa inatafuta mwingine, na katika watu ishirini walioomba walibaki wawili: Alexis, na jamaa wa Pretoria mwenye diploma. Mwenye diploma alikuwa ameshahojiwa Ijumaa. Alexis angehojiwa leo saa tatu na nusu, kisha kamati ingeshuka kuiona kazi yake bustanini, na jibu lingetoka kabla ya jioni.

Mshahara ungepanda, ndiyo, lakini si mshahara uliomnyima Mama Alexis usingizi. Ni nyumba. Mkuu wa bustani hupewa nyumba ndani ya ukuta wa Ridgemoor: vyumba viwili, jiko, bafu la maji ya moto, na mlango wake mwenyewe. Alexis alikuwa amemwonyesha picha kwenye simu. Mama Alexis akaikuza kwa vidole viwili mpaka akaona kitasa cha mlango, na tangu saa ile alishajua kitanda chake kitakaa upande gani na lengalenga, ule mchicha wa kwao, atazipanda wapi.

"Nipeleke nikaione," alisema wiki nzima, asubuhi na jioni, mpaka Alexis akachoka.

"Sawa, lakini sikiliza," Alexis akamwambia sasa, akifunga kamba za viatu. "Utaingia kama mugeni wa kawaida. Nitakununulia tiketi, utatembezwa na bangine. Sitaki bakubwa baseme nimekuja kwenye interview nimeshikwa mukono na mama, kama mutoto wa shule ya maternelle. Ukiniona niko nabo, usiniite."

"Nisikuite?"

"Usiniite, mama. Leo tu."

Neno lile lilimchoma kidogo, tusifichane. Lakini akajikaza, akajibu sawa, akajifunga kitenge kipya cha kanisani.

Ndani ya teksi Alexis aliongea mara moja tu. Alimwambia kuna sehemu moja ya bustani aliyoipanda yeye mwenyewe tangu mbegu, chini ya madirisha ya chumba cha kamati, na kwamba leo ndiyo watakayoikagua kuliko zote. Miaka mitatu ameihangaikia. Mama Alexis akauliza kama ni waridi. Alexis akatabasamu, akasema ataona mwenyewe, kisha robot, taa ya barabarani, ikawa kijani, teksi ikaruka, na mazungumzo yakaishia hapo.

Langoni alikuwepo Gradi, mlinzi, kijana wa Lubumbashi anayesali nao. Gradi alishapewa maelezo yake. Alimsalimia Mama Alexis kwa heshima ya mgeni asiyemjua, akakata tiketi, lakini macho yalikuwa yanacheka. Alexis akapanda ngazi za jumba bila kugeuka nyuma. Mama yake akabaki amesimama kwenye changarawe, pochi kifuani, katikati ya watu kumi wenye kofia na kamera.

Aliyewatembeza aliitwa Nomsa, msichana mchangamfu mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na alizungumza Kiingereza kitupu. Kiingereza cha Mama Alexis kilikuwa cha kuuzia mboga kando ya Jules Street: bei, samahani, asante, njoo kesho. Kwa hiyo maneno ya Nomsa yalimpita juu ya kichwa, akabaki na macho yake. Na macho yake hayakuridhika hata kidogo.

Kwanza, viti. Jumba lilikuwa na viti kuliko kanisa lao, vya ngozi, vya velveti, vingine na miguu iliyochongwa kucha za simba, na kila kiti kilifungwa kamba nyekundu ili mtu asikikalie. Kwenye chumba cha kulia meza ilikuwa imeandaliwa watu ishirini na wanne, sahani, uma, glasi tatu tatu kwa kila mtu, na hakuna hata punje ya chakula. Mama Alexis aliinama kutazama chini ya mfuniko wa bakuli kubwa la fedha. Mtupu. Nomsa akamwomba kwa ishara asiguse. Jikoni moto haujawashwa tangu tajiri afe. Nyumba nzima hii, akawaza, na hakuna anayelala, hakuna anayekula, wakati sisi tunapangiana zamu ya choo!

Kisha wakapanda ghorofa ya juu. Kwenye korido kulikuwa na mlango mmoja uliofungwa, na nyuma ya mlango ule akasikia sauti ya Alexis. Alikuwa anaongea Kiingereza taratibu, vizuri. Mtu akakohoa. Mwanamke akauliza jambo refu. Alexis hakujibu. Mama Alexis alihesabu moyoni, moja, mbili, tatu, nne, na mtoto bado hajajibu. Wenzake walikuwa wamezunguka kitanda cha tajiri wanapiga picha, naye akashuka ngazi za nyuma upesi upesi, maana kama angebaki pale angeufungua ule mlango, na hilo alilijua.

Nje kulikuwa na jua zuri la Machi na ardhi ilikuwa laini kwa mvua ya juzi. Bustani ilishuka kilimani kwa ngazi, tabaka baada ya tabaka. Aliyapita maua ya waridi, akapita bwawa lenye samaki wekundu, akapita ua uliokatwa ukanyooka. Aliitafuta ile nyumba yenye kitasa, hakuiona. Alikaa kwenye benchi la mawe, akasimama. Akakaa tena. Akasali nusu ya sala, akaisahau nusu nyingine. Saa yake ilimwambia zimepita dakika sita.

Ndipo alipozunguka kona akaliona lile tuta.

Lilikuwa pana, limepakana na mawe yaliyopangwa kwa ustadi, na lilikuwa limevamiwa na majani. Si majani machache ya kusahaulika. Majani marefu ya magotini, yamekauka rangi ya kutu, yameinamisha vichwa vya mbegu kila upande, kama ya kule kwao, kando ya barabara ya kwenda Fizi wakati wa vita, watu walipokimbia mashamba. Katikati yake, kwa rehema za Mungu, lengalenga chache zilikuwa zinajitahidi kutafuta mwanga. Palikuwa na kibao chenye maandishi, lakini kibao cha Kiingereza hakimsaidii muuza mboga. Mama Alexis aliinua macho. Juu yake kulikuwa na madirisha matatu makubwa, na dirisha la katikati lilikuwa wazi, na kupitia hapo ikamfikia ile ile sauti ya mwanamke anayeuliza maswali.

"Mungu wangu," akasema kwa sauti. "Chini ya madirisha. Si ndiyo hapa alipopasema?"

Aliona yote kwa mara moja. Mtoto alipanda kitu hapa, kitu kizuri, kisha wiki hizi za kujisomea interview akakisahau, majani yakameza kila kitu. Sasa bakubwa wanashuka. Watasimama hapa hapa, watatazama, watasema huyu ni mvivu, apewe mwenye diploma. Na nyumba ile itakwenda Pretoria.

Kando ya njia kulikuwa na toroli, na ndani yake uma wa bustani. Mama Alexis alitazama kushoto, akatazama kulia, akavua viatu vya kanisani, akapandisha kitenge kiunoni.

Asiyejua kulima hawezi kuelewa raha iliyompata. Tangu alfajiri mwili wake ulikuwa unamwasha, na sasa, kwa mara ya kwanza, ukatulia. Alidunga uma, akakanyaga, akainua, akashika shina, akavuta. Majani yale yalikuwa na mizizi migumu ajabu, mikubwa, iliyong'ang'ania kama inalipwa, lakini alikuwa amelima mihogo milimani Uvira na mimba ya miezi minane, hakuna jani la kumshinda. Alikung'uta udongo, akalaza magugu pembeni kwa mistari, mizizi upande mmoja, kama alivyofundishwa na mama yake. Lengalenga aliziacha. Si kuziacha tu: alizipunguza pale zilipobanana, akazikata ncha ili zitoe matawi, akazirundikia udongo kwenye shina. Saa nzima hakuinua kichwa. Alipoinua, nusu ya tuta ilikuwa safi, nyeusi, na mistari ya lengalenga imekaa mguu sawa. Akajiona ameokoa jahazi.

"Eish, gogo! Hapana, gogo!"

Nomsa alikuwa amefika na watu wake kumi, akimwita bibi kwa lugha ya kwao. Mikono ilikuwa kichwani, kisha ikashika redio ya kiunoni, akaongea haraka haraka. Mama mmoja mwenye kofia akapiga picha. Mama Alexis alimtabasamia Nomsa, akamwonyesha kazi yake kwa kiganja, na tabasamu likamkauka usoni kwa kuwa msichana wa watu alikuwa karibu kulia.

Kamati ilishuka watu watatu, wanaume wawili na mwenyekiti wao, Madame Hendry, mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe na viatu vya shambani. Nyuma yao alitembea Alexis kwa shati lake lisilo na mkunjo. Mama Alexis alimtazama yeye peke yake. Aliuona uso wake ukilifikia lile tuta, ukasimama pale, na ukawa uso wa mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Hapo ndipo alipojua kwamba amefanya kosa, na kosa lenyewe ni kubwa, ingawa bado hakujua ni kosa gani.

"Sorry, Madame," akasema. "Sorry, sorry. Kiswahili."

Madame Hendry akamgeukia Alexis. Hiyo si lugha yako? akamuuliza. Hebu tusaidie, zungumza naye.

Alexis akasogea. "Mama," akasema, na neno hilo halikumfichua, kwa sababu kwao kila mwanamke wa umri ule ni mama. "Mama, umefanya nini?"

"Nilipalilia. Majani ilikuwa mingi. Niliogopa bakubwa bataona..."

"Majani ni miye niliipanda."

"Nani anapanda majani?"

"Miye." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hakuwa mkali, na afadhali angekuwa mkali. "Ni majani ya hapa, ya asili, yalikuwa kwenye hiki kilima kabla Johannesburg haijakuwa. Yalikuwa yamekwisha. Nilizunguka nachuma mbegu moja moja, miaka tatu. Ndiyo kazi niliyokuja kuwaonyesha leo. Ile uliyoiacha, lengalenga, ndiyo magugu. Leo nilitaka kuzing'oa mbele yabo."

Mama Alexis alitaka kukaa chini palepale kwenye udongo. Miaka mitatu ya mtoto wake ilikuwa imelala kwenye nyasi, kwa mistari, mizizi upande mmoja, na ni mikono yake mwenyewe iliyoilaza.

Madame Hendry aliuliza anasema nini. Alexis akamweleza kwa Kiingereza kwamba huyu mama alidhani ni magugu, alitaka kusaidia. Mmoja wa wanaume akapuliza pumzi. Madame Hendry alitazama lengalenga zilizopangwa, zilizokatwa ncha, zilizorundikiwa udongo, na kona ya mdomo wake ikatikisika. Hakuonekana mtu mbaya. Akauliza swali lingine, na Alexis akachelewa kulitafsiri.

"Anauliza umekuja na nani."

Jua lilikuwa linawaka. Wale wenye kamera walikuwa wamezishusha. Mama Alexis alimwona mwanawe amesimama katikati, kati yake na hao watatu, kalamu mfukoni, na akakumbuka alichoahidi asubuhi. Akajua kabisa la kufanya. Kama bakubwa wakijua kwamba aliyeharibu ni mama wa mwombaji, aliyeingizwa kwa siri na mwombaji mwenyewe, basi kazi imekwenda na nyumba imekwenda.

"Mwambie nimekuja peke yangu."

"Mama..."

"Mwambie simujui mutu hapa. Hata weye sikujui. Mwambie sasa hivi, bananitazama."

Alexis akageuka, akasema kwa Kiingereza, polepole, kwamba amekuja peke yake, na hamjui mtu yeyote hapa. Kiingereza hicho kilikuwa chepesi, hata muuza mboga alikielewa. Na kilimuuma. Uongo alikuwa ameuagiza mwenyewe, tena kwa amri, lakini kuusikia ukitoka kinywani mwa mwanawe, kwa sauti safi ya ofisini, kulimuuma kuliko alivyotegemea. Sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa imengoja akatae.

Nomsa alikuwa ameleta daftari la kuandikia matukio. Madame Hendry akalifungua juu ya ukuta wa mawe, akatoa kalamu, akamtazama Mama Alexis kwa upole, akauliza jina. Hilo swali halikuhitaji mkalimani. Huulizwa kila mahali, hospitali, benki, ofisi ya karatasi za ukimbizi.

"Mama Alexis," akajibu.

Lilitoka lenyewe. Ubatizo ulimpa jina la Victoire, lakini tangu siku alipojifungua mtoto wake wa kwanza na wa pekee aliyebaki hai, hakuna aliyemwita hivyo. Mume alimwita Mama Alexis mpaka akazikwa. Shemeji, majirani, mchungaji, wateja, hata adui zake walimtukana kwa jina hilo. Ukimwamsha usingizini ukamuuliza yeye ni nani, angekujibu Mama Alexis, alale tena.

Kalamu ilisimama. Madame Hendry aliinua kichwa, akamtazama mama, kisha, taratibu, akamtazama Alexis.

"Alexis?" akasema.

Alexis alifungua mdomo. Mama yake hakungoja kusikia ni kipi kingetoka humo; aliruka mbele mikono ikiwa na udongo, akakusanya Kiingereza chote alichokuwa nacho, akamwambia Madame kwamba Alexis wako wengi, wengi sana, Malvern yote ni Alexis, Rosettenville Alexis, kanisani Alexis saba! Alihesabu kwa vidole. Watu wawili wakacheka. Kisha Kiingereza kikamwishia, na Madame Hendry bado alikuwa anamngoja kijana ajibu.

Alexis aliitazama mikono ya mama yake yenye udongo.

"Ni kweli, Madame," akasema Alexis. "Kwetu ni jina la kawaida."

Madame Hendry akaandika. Mama Alexis alimwona akilichora jina lake herufi kwa herufi. Halafu akasema maneno machache, na Alexis akayatafsiri akitazama mawe.

"Anasema hawana hasira na weye. Wanajua ulitaka kusaidia. Lakini ni sheria, mutu akiharibu bustani jina lake linapelekwa kwenye lango. Anasema usirudi tena."

"Mwambie asante," akasema Mama Alexis.

Alipokuwa anavaa viatu, mwanawe alikuwa ameshapiga magoti ndani ya shati lile jeupe. Alikuwa anaomba magunia yaliyolowa, anafunika mizizi, anaieleza kamati kwamba udongo una unyevu, kwamba mizizi haijakatika kwa kuwa aliyeng'oa anajua kung'oa, kwamba majani yakirudishwa ardhini ndani ya saa moja yote yatapona. Mikono yake ilikwenda haraka na bila wasiwasi. Wanaume wawili waliinama kutazama. Nomsa akamshika Mama Alexis kiwiko, akampeleka langoni, ambako Gradi alikuwa ameshasikia yote kwenye redio. Gradi alimfungulia mlango mdogo, macho chini.

Kurudi nyumbani hakupanda teksi. Asingeweza kukaa. Alishuka kilima kwa miguu, akakata Jules Street yote, akapita maduka ya samani na ya simu, mdomo ukisema peke yake: Bwana, mpe. Bwana, usimhesabie makosa yangu, mpe tu. Alipofika alifua kitenge, akakianika, akakigeuza kikiwa kingali kinachuruzika. Akapika wali, asile. Célestine, msusi wa chumba cha pili, alimuuliza mara tatu kama kuna habari, na mara ya tatu alifokewa.

Saa tisa na nusu Alexis aliingia uani akikimbia. Shati lilikuwa na udongo mpaka mabegani. Mkono mmoja ulishika barua, mwingine ufunguo.

"Nimepata!"

Kigelegele alichopiga Mama Alexis kiliwatoa mafundi wa matairi chini ya magari. Akamkumbatia, akamwachia, akamkumbatia tena, akaubusu ufunguo. Familia nne zilijaa uani. Célestine akaweka muziki, watu wakamshika mikono, "Hongera Mama Alexis! Mama Alexis, Mungu amekuona!" Alexis alisimulia akihema: waliyarudisha ardhini yote, mashina arobaini na mawili, na Madame alisema hajawahi kuona mtu akipatwa na balaa kama lile mbele ya wakubwa asipaniki, akaokoa kazi yake kwa mikono. Ndiyo maana wakampa yeye. Lile balaa ndilo lililomshinda mwenye diploma. Kila mtu alicheka, na Mama Alexis alicheka kuliko wote, na furaha yake ilikuwa ya kweli.

Kisha akaingia ndani kufunga mizigo, kwa kuwa Alexis alitakiwa kuhamia kesho yake. Alexis akamfuata. Alimkuta ameondoa pazia lile, ametandika begi kitandani, anakunja nguo. Suruali mbili za kazi. Mashati. Koti la baridi. Soksi, jozi kwa jozi. Alexis alisimama mlangoni anachezea ufunguo, akitabasamu, akimwambia kuhusu bafu, kuhusu dirisha la jikoni linalopata jua la asubuhi. Begi likajaa. Mama Alexis akafunga zipu.

"Na zako?" akauliza Alexis.

"Zangu zinabaki."

"Zinabaki kwa nini? Nyumba ni yetu, mama, ni ya sisi wawili, ile yote nimefanya..."

"Najua ulifanya kwa nini," akasema mama yake. Hakuwa na hasira. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana mzee. "Na miye nilifanya kwa ile ile. Lakini jina langu liko langoni, na Madame ameniona uso. Nikifika pale na godoro langu, Alexis, niambie. Nitaingia kama nani?"

Alexis akasema atakwenda Jumatatu kumweleza Madame. Akaanza kusema atakavyoeleza, akafika katikati, akasita. Aliona mwenyewe alikokuwa anaelekea: barua mkononi ilikuwa na sahihi ya leo, na leo hii, mbele ya kamati nzima, ameulizwa waziwazi na akadanganya. Alirudia mwanzo mara mbili. Mara ya tatu hakumaliza hata sentensi ya kwanza, akakaa sakafuni, akafunika uso kwa mikono yenye udongo.

Uani muziki ulikuwa umepanda. Célestine aligonga ukuta kwa kiganja, akiita kwa furaha, "Mama Alexis! Mama Alexis, unajificha nini, toka ucheze!"

Mama Alexis alimtazama mwanawe pale sakafuni. Akamwekea mkono kichwani, akauacha hapo kidogo.

"Nakuja," akaitikia.